Hata kwa Kujifanya, Hupiti Mlango Wangu

Wolverhampton, 9 Januari

Kaka yangu Idwal,

Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Kuanzia kiunoni kwenda chini ndiyo habari yenyewe, na nitaifikia. Lowri mwanangu anakusalimu. Mumewe Balbir anakusalimu pia, na anauliza kama yule kuku wako mkorofi bado yuko hai, maana tangu nimsimulie jinsi alivyomfukuza mpima umeme, amempenda bila kumwona. Hapa ni mvua na baridi. Bata mzinga wa Krismasi tulimla siku nne bila furaha. Siku ya tano Balbir akamtia pilipili na masala, ndipo tukajua kumbe alikuwa na ladha.

Sasa nyonga. Yule mama wa mazoezi hospitalini anasema hiyo ya chuma waliyoniwekea ni nzuri kuliko ile niliyozaliwa nayo, ila nisipotembea kila siku itanikomoa. Nikamwambia Januari hapa hatembei mtu ambaye hajalazimishwa na mbwa. Akamtazama Lowri, Lowri akanitazama mimi, na jioni ile ile nikawa nimeandikishwa.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna watu wametengeneza safari ya kuizunguka pwani yote ya Wales bila kufika pwani. Unatembea hapo hapo ulipo, hata jikoni. Simu inahesabu hatua zako, halafu nukta nyekundu inasogea kwenye ramani kana kwamba uko huko. Ukimaliza unaletewa medali. Nimeanzia Chepstow tarehe mbili, na ninakuja kwa upande wa kusini. Ninazunguka meza ya chakula. Mizunguko mia mbili ni maili moja. Zulia limeanza kulalamika.

Nimeangalia ramani, Idwal. Njia inapita langoni kwako, maili mia nne na arobaini kutoka nilipoanzia. Nimeona nikuambie mapema usije ukashtuka. Si kwamba ninakuja. Ni nukta tu inapita.

Dada yako,
Eirwen


Tŷ Halen, 17 Januari

Eirwen,

Barua yako ilifika imelowa, kama kila kitu kinachofika huku. Kuku wanane hawajambo. Wa tisa, huyo unayemwita mkorofi, anaitwa Malkia, na hajawahi kumfukuza mtu asiyestahili. Goti langu la kulia linatabiri mvua, la kushoto linathibitisha.

Habari yako nimeisoma mara mbili, kisha nikamsomea Malkia. Hakuna aliyeelewa. Mwanamke aliyezaliwa hatua mia mbili kutoka baharini amejifungia katikati ya England, anazunguka meza ili apewe medali ya kuzunguka bahari! Ungebaki hapa ungezunguka bure.

Hata hivyo nimeibandika ramani ya Baba ukutani jikoni, juu ya jiko. Nimechukua pini na kile kifungo chekundu cha koti la Mama, nimekichomeka Chepstow. Uniandikie kila mara umefika wapi. Si kwamba najali. Kifungo kikikaa sana sehemu moja kinaacha alama kwenye karatasi.

Na neno moja la adabu, maana huko mnakokaa naona imesahaulika. Njia hiyo inapita milangoni kwa watu wanaokujua. Tegwen wetu bado yuko Fishguard, nyumba ile ile ya mlango wa bluu. Sitaki kusikia mtoto wa mama yangu amepita mlangoni kwa binamu yake bila kubisha hodi na kunywa chai.

Idwal


Wolverhampton, 20 Februari

Kaka Idwal mwenye magoti ya kutabiri,

Pole na mvua. Sisi tuko salama, isipokuwa zulia, ambalo sasa lina njia kabisa, kama ile ya ng'ombe wa Baba kwenda kisimani. Lowri alinihamishia ukumbini. Ukumbini nikagongana na Balbir akitoka kuoga. Nikarudishwa mezani kwa kura mbili dhidi ya moja.

Songesha kifungo, niko Port Talbot! Cardiff niliipita tarehe ishirini na mbili Januari nikiwa napika supu. Ogmore niliipita nikimsubiri fundi wa bomba. Maili mbili kwa siku, Idwal, na jana nilipanda ngazi bila kumtaja Mungu hata mara moja.

Na sasa kuna mabadiliko. Inaruhusiwa familia kujiunga pamoja na kuchanganya hatua zao. Balbir, kama unavyojua, ni mtu wa posta. Anagawa barua kwa miguu maili nane kwa siku, upende usipende, na zote zilikuwa zinapotea bure mitaani. Juzi akasema, "Mama, mimi natembea, wewe unafika. Kuna ubaya gani?" Sikuuona. Kuanzia leo tuko pamoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Kuhusu Tegwen nimesikia. Lakini kaka, ni nukta. Nukta hainywi chai.

Dada yako,
Eirwen


Tŷ Halen, 1 Machi

Eirwen,

Heri ya sikukuu ya Dewi Mtakatifu. Nimevaa kitunguu changu cha majani kifuani kama inavyompasa kila mtu wa Wales siku hii, nikaenda kufungua banda, na Malkia amekila chote. Huo ndio mwisho wa sherehe huku.

Kifungo chako kinanitia kizunguzungu. Jumatatu ulikuwa Swansea, leo Lowri ananiambia kwa simu umeshaimaliza nusu ya rasi ya Gower. Niliizunguka Gower nikiwa na miaka ishirini na miguu ya mbuzi, na sikuimaliza kwa mwendo huo. Unatembelea miguu ya mwanamume mwingine. Njia ya mwongo fupi, Eirwen, na yako inafupika kila ninapochukua ile pini.

Na nukta hainywi chai, sawa, lakini Tegwen anakunywa. Nimempigia simu nikamwambia unakuja. Amefurahi sana. Atakuwa anakuangalia.

Idwal


Tŷ Halen, 1 Aprili

Eirwen,

Leo sisalimii. Mimi mzima, kuku wazima, umeridhika?

Jumanne tarehe ishirini na nane ulipita Fishguard. Usikatae, nimeuliza, na Lowri hajui kudanganya. Tegwen alikuwa amepika vikeki vya zabibu vya kwenye bamba la chuma. Alitandika kile kitambaa cha lesi ambacho hata mchungaji hatandikiwi. Alikaa dirishani kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni. Kisha akanipigia, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Nikamwambia, "Tegwen, dada yangu hakuwa hapo. Alikuwa Wolverhampton. Ni mchezo wa simu tu."

Akasema, "Idwal, mimi si mjinga. Najua hakuwa hapa. Lakini hata kwa kujifanya, mtu hapiti mlango wangu."

Na hana kosa. Kama ni kujifanya, ungejifanya unaingia. Ingekugharimu nini? Umejifanya unapita!

Rekebisha jambo hili.

Idwal


Wolverhampton, 8 Aprili

Kaka yangu,

Salamu, ingawa wewe umeninyima zako. Tumekoma wote hapa. Lowri hasemi na mimi kwa sababu nimemwambia afadhali angedanganya. Balbir hasemi na Lowri kwa sababu Lowri amesema yote ni makosa ya miguu yake. Mimi nasema na kila mtu, hanijibu yeyote.

Kwanza, siku ile ile Lowri aliponiambia umeuliza, nilitaka kurudi. Nukta ilikuwa imeshaipita Fishguard kwa maili sita, nikasema ngoja nirudi nilikotoka, nibishe, niombe radhi. Lakini simu haijui kurudi nyuma. Lowri alijaribu kila kibonyezo. Basi nikaamua kutembea kinyumenyume. Nilikwenda kinyumenyume kuizunguka meza mara thelathini, Idwal, nyonga ya chuma na mikono hewani, Balbir ananiongoza kama lori linaloingia gereji: "Njoo Mama, njoo, kata kulia, simama." Tukaangalia. Simu ilikuwa imehesabu zote kwenda mbele. Nilikuwa nimezidi kumkimbia Tegwen.

Ndipo nikafanya lililonipasa toka mwanzo. Nilimpigia simu. Nikamwambia, "Tegwen, niko mlangoni." Akasema, "Basi futa miguu." Nikaifuta miguu, kweli kabisa, kwenye zulia lililobaki. Nikachemsha chai huku, naye akachemsha yake kule, tukanywa saa nzima na dakika kumi. Aliniambia vikeki vilibaki vichache na akanielezea kimoja kimoja nilivyokosa. Tulipoagana alisema, "Nenda salama, njia ya huko mbele ina matope."

Nililia kidogo baada ya kukata simu. Sijui kwa nini nakuambia.

Balbir nimemtoa kwenye safari. Ulisema kweli. Kuanzia sasa nakuja kwa miguu yangu mwenyewe, maili mbili kwa siku. Nimeandika "nakuja". Namaanisha nukta inakuja.

Eirwen


Tŷ Halen, 16 Aprili

Mdogo wangu Eirwen,

Salamu zako unazipata sasa, zile za Aprili mosi na hizi. Maua yameanza kando ya njia. Malkia anaatamia mayai matatu na jiwe moja. Lile jiwe ndilo analolipenda zaidi. Tegwen alinipigia, sauti imerudi kuwa kubwa. Umefanya vizuri.

Kile kifungo kimevuka Cardigan. Sasa kinatembea kama mtu mwenye akili zake, nami nakisogeza kila asubuhi nikisubiri chai iive. Nimepiga hesabu. Mwishoni mwa mwezi utakuwa langoni kwangu. Nimelitia mafuta lile lango, na ubao wa jina nimeupaka rangi, maana ulikuwa hausomeki, na mgeni anaweza kupitiliza.

Nakuuliza swali moja, na unijibu kama ulivyoulizwa. Ukifika hapa, utapita au utaingia?

Nauliza kwa sababu mara ya mwisho ulipokuwa ndani ya nyumba hii hukuaga. Miaka sita nimeandika mvua na kuku, na wewe umeandika mvua na Lowri. Sisemi zaidi. Swali ni hilo.

Idwal


Wolverhampton, 25 Aprili

Kaka Idwal,

Hatujambo. Jua limetoka siku mbili. Lowri amepanda nyanya kwenye makopo.

Kwa bahati mbaya simu yangu imeharibika, kwa hiyo nukta imesimama. Iko Tresaith. Acha kifungo hapo.

Msalimie Malkia na jiwe lake.

Eirwen


Tŷ Halen, 16 Mei

Eirwen,

Wazima sote. Mayai mawili yameanguliwa. Jiwe bado.

Wiki tatu uko Tresaith. Tresaith! Naijua vizuri. Kuna ufuko, kuna baa, kuna maporomoko ya maji yanayoangukia mchangani. Hakuna cha kumweka mtu wiki tatu, hasa mtu ambaye kakaye anakaa maili tatu mbele. Kifungo kimeacha alama kama nilivyosema.

Nilimpigia Lowri kuuliza kama fundi ameshindwa. Akasema, "Mjomba, fundi gani? Simu ni nzima, ameifungia kwenye kopo la biskuti." Usimkasirikie. Hajui kudanganya, tulishakubaliana.

Basi nitasema mimi, kwa sababu mkubwa ni mimi na mtu lazima aanze. Siku ya maziko ya Mama nilioka bara brith, mkate wake wa zabibu, kwa mikono yangu, kwa mara ya kwanza maishani. Nilitaka wale watu wale mkate wake siku ile, si wa dukani. Kwa huzuni nilisahau kuziloweka zabibu kwenye chai. Hilo nimekuja kulijua baadaye. Siku ile sikulijua. Mchungaji akauma kipande, jino likavunjika, kila mtu akasikia. Na wewe ukacheka. Mbele ya chapeli nzima, Mama hana hata saa mbili ardhini, ukacheka mpaka ukashika meza. Kisha ukachukua mkoba ukaondoka na basi la saa kumi, bila neno. Nilibaki na watu sitini na mkate ule. Sijaoka tena.

Nimeshasema. Sasa hili la pili. Jumamosi iliyopita nilikwenda Tresaith kukulaki. Ndiyo, mimi, na magoti haya, ambaye tangu mwaka juzi siendi mbali kuliko banda la kuku. Nilibeba chupa ya chai na vikombe viwili. Nilikaa kwenye lile benchi juu ya ufuko, nikamimina viwili. Akapita mtu na mbwa akaniuliza kama namsubiri mtu. Nikasema, "Dada yangu. Yuko hapa hapa, ila amefungiwa kwenye kopo la biskuti." Akamvuta mbwa wake haraka.

Cha kwako nilikinywa mimi, kilikuwa kimepoa.

Idwal


Wolverhampton, 23 Mei

Idwal, kaka yangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye ngazi, na Balbir aliyeileta hakuondoka mpaka nilipokaa. Alidhani ni nyonga.

Nilifikiri unakasirika kwa sababu mkate ulikuwa mbaya. Miaka sita nimewaza hivyo, kwamba ni kiburi chako cha upishi. Sikujua ni kucheka kwangu. Ngoja nikuambie lile cheko lilikuwa nini.

Tangu asubuhi sikuwa nimelia. Kanisani sikulia, kaburini sikulia. Nilikuwa nimejibana kama sanduku lililojaa kupita kiasi. Kisha nikasikia ule mlio, ka!, na mchungaji ametoa macho, ana heshima zake zote na nusu ya jino mkononi, na wewe umesimama na aproni ya Mama, maua yale ya zambarau, unamuuliza, "Unaongeza kingine?" Sanduku likafunguka. Nilitaka kulia, kikatoka kicheko, na sikuweza kukirudisha. Nilipoona uso wako niliona aibu iliyonichoma mpaka nyayo. Niliondoka kwa sababu ya aibu ile, si kwa sababu yako. Nililia ndani ya basi kutoka Llangrannog mpaka Aberystwyth. Dereva alinipa sandwichi yake.

Wewe ulidhani nakucheka, mimi nikadhani umenichukia. Tukaandikiana mvua.

Ndiyo maana nimesimama Tresaith. Maili mia nne na thelathini na saba ni rahisi, Idwal. Unazunguka meza tu. Zile tatu zilizobaki ndizo sijui zinatembewaje. Langoni kwako ningefanyaje hata kwa kujifanya? Ningebisha na kusema nini?

Nisamehe. Nimeandika, sasa siwezi kulifuta, nimeandika kwa kalamu ya wino.

Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, Mama alikuwa akisema tukigombania kijiko. Usiende tena kwenye benchi na magoti hayo.

Eirwen


Tŷ Halen, 1 Juni

Eirwen,

Nimekusamehe kabla sijafika kwenye sahihi yako, kisha nikakasirika tena kidogo kwa ajili ya "Unaongeza kingine?", maana ni kweli nilisema hivyo, halafu nikacheka peke yangu jikoni mpaka Malkia akaja kuchungulia. Nisamehe na wewe. Ningekuandikia haya miaka sita iliyopita, tusingekuwa hapa.

Benchi siliachi. Jumamosi hii, saa tano asubuhi, nitakuwa pale tena na vikombe viwili. Toa simu kwenye kopo, tembea zako kuizunguka meza, mimi nitakaa nawe mwanzo wa ile njia, kisha tutakuja pamoja mpaka nyumbani, wewe huko na mimi huku. Ukitembea polepole nitakufuata.

Idwal


Wolverhampton, 1 Juni

Kaka,

Haraka, Balbir anasubiri kuipeleka. Ana nafasi Jumamosi na ana gari. Tutafika kwako saa tano asubuhi. Mimi, si nukta. Kaa nyumbani.

Eirwen


Mezani kwako, Jumamosi, 3 Juni, saa tano na robo

Idwal,

Bila shaka barua zetu zimepishana njiani. Balbir anaapa yangu aliitia kwenye gunia kwa mkono wake, kwa hiyo iko mahali fulani inakuja, kwa mwendo wangu wa Januari.

Tumekuta mlango wazi na Malkia juu ya meza. Alimtazama Balbir, Balbir akamtazama, na sasa amempakata. Sijawahi kuona mtu wa posta mwenye furaha kiasi hiki. Kwenye msumari chupa ya chai haipo, na kwenye kabati vikombe viwili havipo. Sina haja ya kuuliza uko wapi. Nilikuambia usiende! Hujawahi kunisikiliza tangu nikiwa na miaka minne.

Nimeiona ramani, na koti la Mama nimelifikiria, na kifungo kiko Tresaith na shimo lake. Nimekiacha hapo.

Na nimeinua kitambaa nikaona ulichooka: mkate wa Mama. Nimeonja. Idwal, ni mgumu. Safari hii umeziloweka zabibu ukasahau siagi. Nimecheka mpaka nikashika meza, ile ile, mahali pale pale, halafu nikalia, na safari hii vilikuja kwa mpangilio wake. Jino langu limesalimika. Nimekata vipande viwili nimevifunga kwenye leso; tutavichovya kwenye chai yako mpaka vikubali.

Sasa natoka. Balbir alitaka kunipeleka kwa gari nikakataa. Wewe unatoka huko, mimi natoka huku, na njia ya pwani ni moja; hatuwezi kupotezana, labda mmoja wetu apite bila kusalimia. Nakuandikia haya endapo utarudi kwa njia nyingine kwa ubishi wako tu. Ukiwa unasoma, keti, usinifuate. Nitageuka, nibishe, nifute miguu.

Simu nimemwachia Balbir. Hatua hizi elfu tatu au elfu sita, zozote zitakazokuwa, asizihesabu mtu.

Eirwen